Kubandika kucha nyumbani: Kazi kubwa i kabla ya gundi

KUCHA bandia, ambazo zamani zilikuwa pambo la maharusi na waigizaji wa filamu, siku hizi zinauzwa karibu kila mahali nchini, kuanzia maduka ya vipodozi ya Barabara ya Dubois jijini Nairobi hadi kwenye vibanda vilivyo kando ya vituo vya matatu. Ndani ya kijisanduku kimoja mnunuzi hupata kucha za plastiki, kichupa cha gundi, tupa ndogo na kijiti cha kusukumia ngozi. Kwa kuwa gharama yake aghalabu ni nafuu kuliko ada ya saluni, wanawake wengi wameamua kujirembesha wenyewe sebuleni.

Tatizo ni kwamba maelezo yanayoambatana na vijisanduku hivyo huwa machache, na mara nyingine yameandikwa kwa herufi ndogo zisizosomeka. Matokeo yake ni kucha zinazong'oka siku ya pili zikabaki ndani ya unga wa chapati au, baya zaidi, ukucha wa asili unaobanduka pamoja na ule wa plastiki. Wanaopatwa na hayo huilaumu gundi. Hata hivyo, mara nyingi gundi haina kosa. Kinachokosewa ni kile kinachofanywa kabla ya kichupa kufunguliwa, na kile kinachofanywa siku ya kuzibandua.

Anayeanza hana budi kwanza kujua anachokinunua, kwani jina la kucha bandia hubeba vitu vitatu tofauti. Kuna kucha za kubandika, yaani zile za plastiki zilizokwisha kuchongwa na kupakwa rangi kiwandani. Kuna akriliki, ambayo huundwa juu ya kidole chenyewe kwa kuchanganya unga na kioevu chenye harufu kali hadi mchanganyiko huo ugande. Kisha kuna jeli, uji mzito unaopakwa kwa brashi na kugandishwa chini ya taa maalumu. Aina ya kwanza ndiyo inayomfaa mtu anayejifunza. Hizo mbili nyingine pia huuzwa kwa matumizi ya nyumbani, lakini zina madhara ambayo hayaonekani mapema, na afadhali zifanywe na fundi aliyesomea kazi hiyo.

Ukucha wenyewe ni kitu cha kueleweka kabla ya kuguswa. Umejengwa kwa tabaka nyembamba za protini iitwayo keratini, zilizolaliana mithili ya kurasa za kitabu. Hauna damu wala uhai. Sehemu iliyo hai ni shina lililojificha chini ya ngozi. Ukucha wa mkono hukua kwa takriban milimita 3 kila mwezi, kwa hivyo ule ulioharibiwa huhitaji kiasi cha miezi 6 ili utoke wote na nafasi yake ichukuliwe na mwingine. Hakuna mafuta wala dawa inayoweza kuziunganisha upya tabaka zilizokwisha kubanduka. Anayeng'oa ukucha bandia kwa meno katika dakika 1 huenda akajitia katika subira ya nusu mwaka.

Kazi huanza kwa kuondoa rangi ya zamani, kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri. Wapo wanaoloweka vidole katika maji ya uvuguvugu kwa muda mrefu kabla ya kubandika, wakiiga yale waliyoyaona saluni. Hilo ni kosa. Ukucha hunyonya maji na kutanuka kidogo. Ukishabandikwa huku umelowa, baadaye hukauka na kusinyaa, nayo gundi iliyoshika umbo la kwanza huachilia. Kama ni lazima kuloweka ili kulainisha ngozi, basi ifanywe saa kadhaa kabla.

Kucha za asili zikatwe ziwe fupi, kisha ngozi nyembamba iliyotambaa juu ya ukucha kutoka kwenye shina isukumwe nyuma polepole kwa kijiti. Isikatwe. Ngozi hiyo ndiyo kizibo kinachozuia viini visipenye hadi kwenye shina, na anayeikata kwa wembe au mkasi hufungua mlango kisha akamimina gundi na vumbi la plastiki hapo hapo.

Baada ya hapo uso wa ukucha usuguliwe kidogo kwa tupa laini hadi ule mng'aro upungue. Neno kidogo lina uzito wake hapa. Nia si kuupunguza ukucha unene bali kuupa ukavu wa kushika gundi, na kupitisha tupa mara mbili au tatu kunatosha. Vumbi lipanguswe, kisha kila ukucha ufutwe kwa pamba iliyotiwa spiriti ili kuondoa mafuta. Kuanzia hapo asiguse nywele, uso wala mafuta ya kujipaka, maana mafuta yasiyoonekana kwa macho ndiyo adui mkubwa wa gundi. Pamba hiyo nayo iwekwe mbali kabla ya kichupa cha gundi kufunguliwa, kwa sababu itakayoelezwa.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kuchagua ukubwa. Vijisanduku vingi huwa na kucha 24 za vipimo mbalimbali, na kila mojawapo huwa na nambari ndogo upande wa chini. Ukucha unaofaa ni ule unaofika kingo zote mbili za ukucha wa asili bila kupanda juu ya nyama ya kidole. Ukiwa mwembamba mno, huachilia mapema na huubana ukucha ulio chini yake. Ukiwa mpana mno, hukwaruza ngozi na kunasa nywele. Iwapo hakuna unaolingana sawasawa, uchukuliwe ulio mkubwa kidogo, kisha kingo zake zipunguzwe kwa tupa. Vidole vya mkono wa kulia na wa kushoto vya mtu mmoja huenda visilingane, kwa hivyo kila kidole kipimwe peke yake. Kucha zote 10 zipangwe mezani kwa mfuatano kabla ya tone la kwanza la gundi kudondoshwa. Kuanza kutafuta ukucha wa kidole cha shahada huku gundi ikikauka ni kujitafutia balaa.

Kuhusu urefu, anayeanza achague zilizo fupi. Ukucha mrefu hufanya kazi kama mtaimbo: ncha yake ikigonga mlango wa gari au ukingo wa sufuria, nguvu yote hupelekwa kwenye shina. Isitoshe, maisha ya nyumba nyingi nchini hayakupangwa kwa ajili ya kucha za aina hiyo. Kusonga ugali, kukuna nazi, kukatakata sukuma wiki na kufua nguo kwa mikono ni kazi zinazohitaji ncha za vidole. Plastiki nayo hushika moto, na mwenye kucha ndefu anayewasha jiko la gesi kwa kiberiti anapaswa kuwa mwangalifu maradufu.

Gundi hutiwa kwa uchache. Tone moja huwekwa juu ya ukucha wa asili na kutandazwa, na tone dogo zaidi upande wa ndani wa ule wa plastiki. Kisha ukucha bandia huwekwa kwa kuinamishwa, ukianzia karibu na ngozi ya shina lakini bila kuigusa, halafu hulazwa taratibu kuelekea kwenye ncha ili hewa itoke. Hushikiliwa hivyo kwa nusu dakika bila kutikiswa. Viputo vya hewa vinavyobaki si dosari ya urembo pekee. Hapo ndipo maji yatakapoingia na kutuama. Gundi ikifurika pembeni, iondolewe mara moja kwa ncha ya kijiti.

Mafundi wana mbinu moja ambayo maelezo ya kiwandani husahau: vidole gumba hubandikwa mwisho. Bila gumba zilizo huru, kufungua kichupa na kuokota ukucha mezani huwa kazi ngumu. Wakati bora wa shughuli yote ni jioni baada ya vyombo kuoshwa, ili gundi ipate usiku mzima wa kukaa bila maji.

Kwa anayetaka pambo la siku moja, mathalani harusi au mahafali, kuna njia nyepesi zaidi. Vijisanduku vingine huwa na vibandiko vyenye gundi pande mbili badala ya kichupa. Havidumu, aghalabu ni siku moja au mbili, lakini hubanduka kwa maji ya uvuguvugu na haviachi madhara makubwa. Kwa mwanamke wa Kiislamu jambo hili lina umuhimu wa pekee, kwa kuwa maji ya udhu hayana budi kuufikia ukucha wenyewe, na kilichobandikwa huyazuia. Si ajabu kwamba hina ingali na heshima yake katika harusi za Pwani: hupaka rangi bila kuufunika ukucha.

Ile gundi ndogo inayopuuzwa inastahili maelezo zaidi. Kemikali yake, sianoakrilati, ni ya jamii moja na gundi kali zinazotumiwa kuunganishia vyombo vilivyovunjika. Hukauka kwa kukutana na unyevu, hata ule mdogo ulio hewani au kwenye ngozi, na inapokauka hutoa joto. Juu ya ukucha joto hilo ni dogo. Likimwagika tone kubwa juu ya pamba au nguo ya pamba, mambo hugeuka: nyuzi huisambaza gundi, ikaganda yote kwa mpigo, na joto hupanda kiasi cha kutoa moshi na kuchoma ngozi iliyo chini yake. Ndiyo maana gundi iliyomwagika haifutwi kwa pamba, na kichupa hakipaswi kuwekwa juu ya paja lililofunikwa kwa leso. Watoto wamewahi kuungua kwa namna hii baada ya kuchezea vichupa hivyo, na hospitali katika nchi mbalimbali zimepokea watu waliojitia gundi ya kucha machoni wakidhani ni dawa ya macho, maana vichupa vyenyewe hufanana.

Vidole vikishikana, visivutwe kwa nguvu. Viloweshwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuachanishwa polepole, au kupakwa asetoni kidogo. Jicho likiingiwa, lisuuzwe kwa maji mengi na mwathiriwa apelekwe hospitalini bila kujaribu kulifungua kwa nguvu. Asetoni isikaribishwe machoni kamwe.

Akriliki na jeli zina historia ndefu, na akriliki haikutokea katika saluni. Inasimuliwa kwamba mnamo 1954 daktari wa meno wa Philadelphia nchini Marekani, Frederick Slack, alivunjika ukucha akiwa kazini, akauunda upya kwa kutumia foili na akriliki ya kutengenezea meno. Ujamaa huo kati ya kucha na meno ungalipo, na ndio unaoyafanya makosa ya sebuleni kuwa na gharama kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kioevu cha akriliki na uji wa jeli vyote vina molekuli ndogo za jamii ya akrilati. Zikiisha kuungana na kuganda, huwa plastiki isiyo na madhara makubwa kwa ngozi. Zikiwa bado hazijaungana, hupenya ngozini, na mwili wa baadhi ya watu huzitambua kama adui. Fundi hodari hujua kupima unga na kioevu, na hujua kuupitisha brashi bila kuigusa ngozi. Anayejifunza hutia kioevu kingi mno, akapaka hadi kwenye nyama, au huweka jeli nene chini ya taa dhaifu ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya jeli hiyo. Kwa nje huonekana ngumu na inang'aa, ilhali ndani ingali mbichi.

Mzio unaotokana na hali hiyo huweza kuchukua miezi kadhaa kujitokeza. Ngozi inayozunguka kucha huwasha, huwa nyekundu, hupasuka au kutoa malengelenge. Kinachowakanganya wengi ni kwamba kope, shingo na mashavu pia huweza kuvimba, kwa sababu vidole huvigusa mara kwa mara, na mgonjwa akaanza kuulaumu wanja au poda. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida hauondoki maishani.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa onyo mnamo 2018 baada ya uchunguzi wa zahanati za ngozi nchini humo na Ireland kuonyesha kwamba asilimia 2.4 ya watu waliopimwa walikuwa na mzio wa kemikali hizo. Chama hicho kilitaja vifaa vya kujipaka jeli nyumbani miongoni mwa vinavyotia wasiwasi. Akrilati hutumiwa pia katika kuziba meno, katika saruji inayoshikilia nyonga na magoti ya bandia, na katika gundi ya baadhi ya vifaa vya kupimia sukari vinavyobandikwa mwilini. Msichana wa miaka 20 aliyepata mzio kwa ajili ya jeli huenda akalazimika kumweleza habari hiyo kila daktari wa meno atakayemhudumia.

Ni kwa sababu hii Umoja wa Ulaya, tangu 2021, unataka bidhaa za kucha zenye kemikali iitwayo HEMA zitumiwe na mafundi pekee na ziandikwe kwamba zinaweza kuleta mzio. Tangu Septemba 1, 2025, umoja huo umepiga marufuku pia TPO, kemikali iliyokuwa ikisaidia jeli kuganda chini ya taa. Mnunuzi wa hapa nchini anayekuta HEMA kwenye orodha ya viungo, au onyo kwamba bidhaa ni ya mafundi tu, hana sababu ya kudhani kwamba onyo hilo liliandikwa kwa ajili ya Wazungu.

Kemikali nyingine ya kuepukwa ni MMA, kioevu cha akriliki cha bei rahisi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichukua hatua dhidi yake mahakamani katika miaka ya 1970 baada ya kupokea malalamishi ya kucha zilizoharibika umbo na ngozi zilizodhurika. Dalili zake ni harufu kali isiyo ya kawaida, ugumu unaoishinda tupa, na kukataa kuyeyuka hata kukilowekwa kwa muda mrefu katika asetoni. Ukucha wa aina hiyo ukigonga kitu hauvunjiki. Ukucha wa asili ndio unaong'oka.

Taa za jeli nazo hutoa miale ya urujuanimno, jamaa ya ile ya jua inayoichoma ngozi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa mwaka wa 2023, ulionyesha kwamba asilimia 20 hadi 30 ya seli zilizowekwa chini ya taa kama hiyo kwa dakika 20 katika maabara zilikufa. Seli za maabara si mkono wa mtu, na kiwango halisi cha hatari bado kinachunguzwa. Madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri mtumiaji ajipake mafuta ya kukinga jua au avae glavu zilizokatwa ncha.

Siku ya kubandua ndiyo inayotenganisha mwenye subira na asiye nayo. Kucha za plastiki zilowekwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mafuta kidogo ya kupikia kwa dakika 15 au zaidi, kisha kijiti kipitishwe pembeni polepole. Zikikataa, zirudishwe majini. Gundi iliyoshika sana huhitaji asetoni: kipande cha pamba hulowekwa humo, huwekwa juu ya ukucha na kufungwa kwa foili kwa muda wa robo saa. Asetoni hushika moto upesi mno, hata mvuke wake, kwa hivyo kazi hiyo isifanywe jikoni wala karibu na mshumaa, na dirisha liachwe wazi.

Ukucha ulioanza kuachilia upande mmoja usiongezwe gundi juu juu. Maji yaliyokwisha kuingia hufungiwa humo, na bakteria aitwaye Pseudomonas hustawi katika unyevu huo, akaacha doa la kijani kibichi. Anayeliona doa hilo auondoe ukucha bandia wote, auache mkono ukauke na amwone daktari. Kulifunika kwa rangi ni kulilea. Bakteria huyo humsumbua mtu mzima mwenye afya kwa nadra tu, lakini kwa mgonjwa au mtoto mchanga ni hatari kubwa, na ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawakataza wahudumu wanaogusa wagonjwa kuvaa kucha bandia. Mwenye kisukari, kuvu ya kucha au kidonda kidoleni pia asizibandike kabla ya kupata ushauri. Anayesubiri upasuaji azitoe mapema, kwa kuwa kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni huweza kutoa kipimo kisicho sahihi.

Baada ya kubandua, kucha za asili zipakwe mafuta, hata ya nazi, na zipewe wiki moja au mbili za kupumzika ili mwenyewe aone kama kuna doa, ulaini au nyufa. Zile za plastiki zilizotoka zikiwa nzima zinaweza kutumika tena: gundi kavu ikwanguliwe kwa tupa upande wa ndani, zifutwe kwa spiriti na kurejeshwa katika kijisanduku kwa mfuatano wa vidole. Zisiazimwe mtu mwingine, hata dada wa tumbo moja.